Farasi Wangu Amempenda Mtunzaji

Mpendwa Lalla Rqia, naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga wa pili, maana wa kwanza nimeshaufanya na mji mzima wa Khemisset umeshanicheka. Mimi ni fundi viatu, nina miaka hamsini na mbili na kitambi, na kwa miaka tisa nilimfuga farasi wangu Lazreg nyumbani, uani, pembeni ya jiko, nikitoka kazini namsalimu yeye kwanza ndipo niingie ndani, shayiri yake naipepeta kwa mikono yangu, mpaka nyumbu wetu aliyekuwa mwenzake pale uani akafa, Lazreg akaanza kutafuna mlango na kukonda, daktari wa mifugo akasema huyu anataka wenzake, basi nikampeleka kwenye mazizi nje ya mji wanakotunza farasi wa watu.

Sasa ana miezi mitatu huko, amenenepa, anang'aa, na hilo ndilo linaloniua. Kuna mtunzaji anaitwa Hammadi, pikipiki yake ikisikika tu Lazreg analia kwa furaha, lakini mimi nikifika na tende zangu anazila, kisha ananigeuzia matako. Hammadi hucheka: "Karibu mgeni wetu, leo umetuletea nini?" Mgeni, mimi! Wiki iliyopita nikachukua joho la Hammadi lililotundikwa ukutani, nikalivaa, nikashusha kofia iliyoshonwa kwenye joho hilo mpaka puani, nikaingia zizini. Lazreg akaja mbio, akaninusa, akasita, kisha akanivua kofia kwa meno mbele ya watu wote. Mke wangu Itto aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Bouazza, hata mimi hujawahi kunihangaikia hivyo."

Baada ya wiki tatu kikosi chetu cha wapanda farasi kinapanda kwenye sherehe ya baruti, tunakimbiza farasi kwa mstari mmoja na kufyatua bunduki zote kwa pamoja. Mkuu wetu ananisihi nisimhamishe, kwa sababu sasa Lazreg anakimbia sambamba na wenzake. Zamani alikuwa akiuacha mstari, bunduki yangu inalia peke yake kama kikohozi, na kikosi kinaaibika. Lakini Ijumaa nataka nimrudishe nyumbani. Nimrudishe?

Bouazza, Khemisset

*

Bwana Bouazza, kwanza mrudishie mwenzio joho lake, lifuliwe.

Pole. Wivu unauma, nami sikucheki, au nimecheka kidogo tu hapo kwenye kofia. Lakini hebu niambie, ukimrudisha Ijumaa, atasimama uani na nani? Atautafuna tena ule mlango, nawe utafurahi kwamba anakonda akiwa wako. Huo si upendo, mzee wangu. Mwache alipo.

Halafu unalalamika kuitwa mgeni. Mgeni ndiye anayekuja na tende mchana, akapigapiga shingo, akaondoka. Anayezoa samadi alfajiri ni nani? Anayesafisha kwato? Kesho wahi kabla ya pikipiki, chukua koleo, fanya kazi hiyo mwenyewe mpaka siku ya sherehe, na umwombe Hammadi akuelekeze. Ndiyo, umwombe. Siku hiyo mtandike kwa mikono yako. Akimtazama Hammadi, mwache atazame; wewe shika hatamu, sikiliza mkuu, fyatua pamoja na wenzako.

La mwisho ndilo kubwa. Miaka tisa ulimsalimu farasi kwanza, na Itto yuko jikoni, hatua tatu tu, anasikia. Ile kauli yake uliichukulia mzaha. Isome tena. Leo ukirudi hakuna farasi uani. Pita moja kwa moja mpaka jikoni, na tende zilizobaki mpe yeye.