Mama wa Mcheza Disko

Guyo, ndugu yangu,

Salaam aleikum. Kila nikiisema ulikuwa unacheka, unasema Mbukusu akitoa salaam ni kama ng'ombe anapanda ngazi. Leo nimeisema polepole, peke yangu, kwa sababu mahali pa kuisema nilichelewa kufika.

Nimeketi nyuma ya soko la mifugo, kwenye jiwe letu, pale tulipokuwa tukingoja lori za kupakia. Unajua shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo nivumilie. Mwandiko wangu haujanyooka na mgongo wangu pia haunyooki siku hizi.

Nianze na linaloniuma. Habari yako ilinifikia Rapsu, Jumatano asubuhi, nikiwa kwenye shamba la vitunguu, maji ya mfereji yakinifika kwenye vifundo vya miguu. Mtu wa bodaboda alipita akapaza sauti, "Wafula! Guyo wa video ametuacha alfajiri!" Niliketi kwenye tuta. Halafu nikahesabu kama tunavyohesabu kwetu. Leo ni Jumatano, watu wa mbali watangojwa, kesho na kesho kutwa wataimba na kukesha, mazishi ni Jumamosi. Kwetu mtu hazikwi mpaka kila mwenye neno aseme neno lake. Basi nikarudi kwenye vitunguu, nikamaliza sehemu yangu, nikafua shati nikalianika. Nilifika Isiolo Alhamisi, jua likiwa limepanda, shati limenyooka, hotuba yangu yote kichwani. Nikakuta wanaume wachache wamekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yako, wakanitazama kwa huruma. Ulikuwa umezikwa jana yake, kabla ya sala ya alasiri.

Miaka yote niliyoishi na nyinyi, Guyo. Nilisimama kando mkimzika baba yako, nikaona vile mlivyoharakisha. Najua mtu wenu akifa halazwi ndani. Kichwa kilijua. Lakini siku ile moyo ulihesabu kikwetu, na moyo ndio uliokuwa umeshika shati.

Hotuba ile bado ninayo. Haikuwa na mengi. Nilitaka kuwaambia watu juu ya ile filamu.

Sijui kama watoto wa siku hizi wanaweza kuelewa ilivyokuwa. Nilipofika mji huu nilikuwa kijana mwenye begi moja na viatu vya ndugu yangu. Nikapata kazi ya kusukuma ng'ombe kwenye lori, kazi ya kupigwa mateke. Siku ya soko ilipoisha, nikaona wachungaji wamejipanga nje ya jengo la mabati, fimbo zao wameziegemeza ukutani kama bunduki. Ndani kulikuwa na televisheni moja juu ya meza, jenereta ikinguruma nje, na wewe umeketi kando ya televisheni na kipaza sauti. Filamu ilikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu mle ndani aliyeijua. Wewe ndiwe uliyekuwa mdomo wake. Wakiongea, unapunguza sauti yao na kutusemea. Wakiimba, unazungusha kile kitufe mpaka mabati yanatetemeka.

"Sasa huyu kijana anaambia baba yake, mzee, mimi kuchunga siwezi tena, miguu yangu inataka disko. Na yule mwenye masharubu, mnamwona? Huyo ni dalali. Msimwamini! Nyinyi wa nyuma, wacheni kutafuna miraa kama mbuzi, hapa ndipo anaanza kucheza!"

Halafu kijana akacheza. Suruali ya bugaluu, pana chini kama kengele, viatu vya raizoni vya soli nene, taa za rangi zikizunguka chini ya miguu yake. Sijawahi kuona mtu akitumia mwili wake kwa kitu kisichokuwa kazi namna ile. Alizunguka kwa kisigino kimoja, mara moja tu, akasimama wima kama mlingoti. Wachungaji wakapiga makelele. Mimi niliketi na mikono yangu yenye mavi ya ng'ombe, nimesahau hata njaa.

Nakumbuka ilivyouteka mji. Fundi wa cherehani karibu na msikiti alishona bugaluu mpaka vitambaa vikaisha, akaanza kukata mapazia. Shehe alisema kwenye hotuba kwamba suruali zile zinafagia uchafu wa barabara na kuuingiza msikitini, na wewe ukanung'unika, "Basi si tunasaidia kanzu kazi?" Vijana wa Korbesa walikuja na ngamia wakarudi na miwani ya jua na redio ya kaseti. Ulisema ulienda huko ukakuta watoto wanachota maji kisimani wakiimba nyimbo za filamu, hakuna anayejua neno hata moja linasema nini, na ndoo zinapanda kwa mdundo ule ule. Kulikuwa na fahali aliyeitwa Disko kwa sababu alikataa kupanda lori, akarusha miguu ya nyuma kushoto na kulia mpaka soko zima likamshangilia. Na madalali! Walikuwa wakibishana bei kimya kimya, vidole vimeshikana chini ya shuka, na wakikubaliana, dalali anainuka na kuzunguka kwa kisigino. Mtu wa mbali akiona hivyo anajua ng'ombe ameuzwa. Wazee wawili watatu bado wanafanya mpaka leo. Wiki jana niliona mmoja akizunguka, akashika kiuno, akasema "Allah!" Nikageuka kukuonyesha. Nikaona jiwe tupu.

Lakini mimi sikuwa narudi kwa ajili ya kucheza. Wewe ulijua. Nilirudi kwa ajili ya yule mama.

Katikati ya filamu kuna mwanamke mzee amesimama mlangoni, analia, anapunga mikono, na kijana anaondoka na begi bila kugeuka. Ulisema, "Huyu ni mama yake. Anamwambia, mwanangu, dunia ina kelele, lakini nyumba yako ni hii, usiku sifungi mlango." Siku ya kwanza nilipoisikia nililia, nikajifanya ni moshi wa jenereta. Mama yangu alisimama mlangoni hivyo hivyo, Guyo. Mimi pia sikugeuka. Nilikuwa nimemwahidi nyumba ya mabati, na nilifikiri nikigeuka sitaondoka.

Halafu mwisho. Kijana ameshinda, watu wamembeba juu, anatoka nje asubuhi, anatembea kwenye barabara ndefu. Anasema kitu na picha inaisha. Ulishusha kipaza sauti karibu na mdomo ukasema polepole, "Mama, niko njiani." Hata wale wa miraa wakaacha kutafuna.

Sijui niliiona mara ngapi. Kanda ilichakaa mpaka mistari myeupe ikawa inapita kwenye uso wa yule mama kama mvua, na wewe ukasema, "Wafula, ona, kwenu kunanyesha." Na kila ukifika pale mwisho ulikuwa unageuka unatazama upande wa benchi langu. Nilidhani unaangalia kama nimelala.

Sasa nikuambie kilichotokea.

Baada ya siku za matanga kupita nilikwenda nyumbani kwako kumsalimia Halima. Yuko ndani ya eda, hakai na wanaume, kwa hivyo nilikaa barazani na yeye akaketi ndani, nyuma ya pazia. Binti yako Qabale alileta chai. Akasema ameitafuta ile filamu kwenye simu, kwa sababu alitaka kusikia nyimbo ulizokuwa ukimbembeleza nazo. Ameipata. Picha safi, hakuna mistari. Na chini yake kuna maandishi ya Kiingereza ya kila wanachosema.

Nilimwomba anisomee kwa Kiswahili. Tukaketi pale barazani, simu imeegemezwa kwenye kikombe. Kijana ni yule yule. Mwenye masharubu si dalali, ni mjomba wake, tena mtu mzuri tu. Hapo nilicheka, nikasema Guyo alitaka kuwachokoza madalali. Halafu tukafika mlangoni. Mwanamke analia, anapunga mikono. Qabale akasoma, akarudisha nyuma, akasoma tena. Akasema, "Mzee Wafula, huyu si mama yake. Huyu ni mwenye nyumba. Anamfukuza kwa sababu ya kelele za muziki."

Mwenye nyumba, Guyo! Wachungaji wazima wa Merti na Kinna, na mimi pamoja nao, tulilia miaka yote ile kwa ajili ya mwenye nyumba!

Na mwisho, kwenye ile barabara, kijana hasemi kitu juu ya mama. Anasema amesikia kuna mji mwingine wenye ukumbi mkubwa zaidi. Anaenda huko. Kwao hakutajwi.

Nilimwambia Qabale, basi baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakisia tu. Ndipo Halima akaongea kutoka nyuma ya pazia. Alisema, "Hakukisia. Alijua. Dereva mmoja aliyeijua lugha ile alimweleza filamu yote, kabla wewe hujaja hapa. Mwanzoni alikuwa anaisema vile ilivyo, mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Watu walikuwa wanacheka sana pale. Halafu siku moja alirudi nyumbani akasema, kuna kijana mgeni wa kupakia ng'ombe, ameingia na uso wa mtu aliyeacha mtu. Alipofika kwenye ule mlango wa filamu alimtazama yule kijana, akasema ulimi ulikataa kutaja mwenye nyumba. Akasema mama. Na akishasema mama, ikabidi atafute mwisho."

Halima akaongeza neno moja. "Alisema, nitaendelea kumwambia mpaka aende."

Guyo, kwa nini hukunishika shati ukaniambia wazi? Lakini najua kwa nini. Ungeniambia, ningekujibu kwa hasira, mambo ya kwetu yanakuhusu nini. Ulinijua. Ulipitishia kwa mcheza disko, siku ya soko baada ya siku ya soko, na mimi nilikaa kwenye benchi nikilia kwa ajili ya kijana wa filamu, halafu nikatoka nje nikanywa chai nikangoja lori. Nilidhani kulia ni sawa na kwenda.

Nilienda kwetu mara moja tu, tulipomzika baba yangu. Nilikaa siku chache nikakimbia, kwa aibu ya mikono mitupu. Nyumba ya mabati mama alijengewa na ndugu yangu mdogo. Kila mwaka nikasema mvua ikinyesha, vitunguu vikitoka, bei ya ng'ombe ikipanda. Jengo lako likafungwa watu walipopata simu, likawa duka, na hata wewe ukakosa mahali pa kuniambia. Lakini kwenye harusi ya Qabale, ulikuwa umeshaanza kukohoa, ukainuka mbele ya watu, ukazunguka kwa kisigino ukakaribia kuanguka, nikakudaka. Ukaniambia sikioni, "Niko njiani." Nikacheka, nikasema uko njiani kwenda hospitali, mzee. Sasa naisikia vingine. Ulikuwa unanikumbusha maneno niliyopaswa kumwambia mama.

Mama bado yuko. Amezeeka sana, macho hayaoni vizuri. Jumapili nilimpigia simu, akanidhania ni ndugu yangu. Nikasema, ni Wafula. Halafu akaniuliza, "Wafula yupi?"

Wewe uliyekuwa na maneno ya watu wote, hukuniachia la hapo.

Nilipokata simu nilianza tena hesabu zangu. Nimalize kupalilia Rapsu. Ningoje soko la wiki hii, nipate cha kumbebea. Niondoke mwisho wa wiki, nifike kama mtu. Nikajisikia nikihesabu, na sauti ilikuwa ile ile ya siku ile kwenye tuta. Shati likauke kwanza.

Nimemrudishia mwenye shamba jembe lake. Qabale amenipa kasha la ile kanda, kanda yenyewe ilishakatika. Lina picha ya kijana, rangi imefifia, unaona bugaluu tu. Barua hii nitaikunja niiweke humo. Sitaileta kaburini, najua nyinyi hamuweki vitu juu ya kaburi. Leo asubuhi nilipita nikasimama nje ya ua wa makaburi, nikakuombea kwa namna yetu, na hakuna aliyenifukuza. Nikatazama huku na huku, nikajaribu kuzunguka kwa kisigino. Goti likalia. Ungecheka mpaka ukae chini.

Nakuahidi hivi. Nikifika nitaketi karibu na mama, upande wa sikio linalosikia, nimsimulie filamu yote. Macho hayatamsumbua, hata sisi tuliiona kwa mdomo wako. Dalali atakuwa dalali. Mwanamke wa mlangoni atakuwa mama. Na mwisho nitausema wako, ule wa wenyewe siutaki.

Lala salama, Guyo. Nagaa, yaani amani, kama ulivyonifundisha kwa lugha yenu. Umenisemea vya kutosha, sasa pumzisha ulimi.

Lori la mbuzi linaelekea bonde, njia ya kwetu, saa hii na dereva amekubali nikae juu na mifugo. Shati langu ni bichi bado, nimelivaa hivyo hivyo. Leo ni Jumanne. Sitangoja Jumamosi.

Ndugu yako,
Wafula