Ijumaa Isiyo na Treni

Mirpur,
Dhaka.
14 Novemba, 2023

Mpendwa Kaka Probhat,

Naigusa miguu yako kwa mbali. Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi ya huko Siliguri? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi na Shefali wangu tunapumua.

Uliuliza habari za stesheni mpya ya treni. Imesimama juu ya nguzo zake, usawa wa dirisha la karakana ya vinanda aliyoniachia baba. Abiria wananiona nikipiga tupa, nami nawaona wakipiga miayo. Treni ikipita, meza inatetemeka mpaka ndimi za shaba za vinanda zinalia zenyewe.

Basi nikawa narekebisha sauti za vinanda kati ya treni na treni. Mwezi uliopita Mwalimu Rehnuma, yule aliyemletea baba vinanda vyote vya mvukuto vya shule yake, alinirudishia kimoja kwa mara ya tatu. Akabonyeza vitufe viwili, akaniuliza, "Bijon, siku hizi unasikiliza kwa masikio ya nani?"

Nikamwambia kosa ni la hizi treni.

"Haya, mwanangu. Ijumaa hazitembei. Nitakuja mchana."

Ijumaa ile palikuwa kimya, Kaka. Nilikaa na kinanda tangu alfajiri, nikikwangua, nikivukuta, nikikwangua tena. Kwangu kilikuwa safi. Shefali, ambaye hajawahi kushika tupa, akasimama mlangoni na sufuria ya dengu.

"Mbona kinalia kombo?" akasema. "Na leo utamsingizia nani?"

Mwalimu alipofika alibonyeza mara moja tu. Alikibeba mwenyewe kushuka ngazi, mama mtu mzima yule, nami nimesimama tu.

Daktari anasema masikio yamekuwa yakifa polepole kwa miaka, na hayatarudi. Stesheni haina kosa.

Nimeshusha kibao chenye jina la baba. Karakana ameichukua muuza vifuniko vya simu. Mimi nashona ngozi za mivukuto kwa fundi mwingine, kazi isiyohitaji sikio. Usiniite nije huko. Kiziwi ni kiziwi hata Siliguri.

Najua Mama bado anawaambia majirani kwamba mwanawe mdogo alirithi sikio la baba. Tafadhali usimsahihishe.

Nisalimie Shemeji Kalpana, Tuhin na Mitali. Mungu awaachie mlicho nacho.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Bijon