Kupona Ulikokutangaza Kanisani

Lodwar

Kwako Mama,

Bwakire buya, nakuamkia kwa Kigusii chetu. Mwili wangu ni mzima, na kwa kuwa hilo ndilo jibu unalolipenda, nimelitanguliza. Goti lako linaendeleaje? Majani chai yamechipuka? Huku ni vumbi tu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Tangu nilipougua korona, kichwa changu hakijarudi. Jumanne nilikuwa nafundisha kugawanya, hesabu niliyoifundisha miaka tisa, nikasahau katikati ya ubao. Nikalia mbele ya watoto arobaini. Moyo unanienda mbio nikiwa nimekaa tu. Chakula sikitamani, na siku nyingine najiuliza nilipona ili iweje. Daktari amesema haya huwapata wengine baada ya korona, hata miezi mingi ikishapita, na kwamba si wazimu wala uvivu. Mwalimu mkuu amenipa likizo nikapumzike kwa watu wangu.

Nilipokupigia kukuambia, ulinijibu nini?

“Sasa Moraa, si nilisimama Sabato mbele ya kanisa lote nikasema Mungu amekuponya kabisa? Kuku tulichinja, hata mzee wa kanisa alikula. Ukikuja hapa ukilialia, wataniita mwongo. Kaa huko kwanza mpaka ukuwe sawa.”

Mama, ugonjwa ulikuwa wangu, na hukuniuliza. Siku uliyosimama kutoa ushuhuda, mimi nilikuwa nashindwa kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika. Mapafu yalipona, ndiyo, na namshukuru Mungu. Hilo “kabisa” uliliongeza wewe, na sasa unanifungia nalo mlango wa nyumba nilimozaliwa. Nimekasirika na nimeumia, sitakuficha.

Nisalimie Baba, na umwombe akusomee barua hii yote bila kuruka mahali. Nisalimie kaka yangu Nyakundi na mkewe, pamoja na shangazi, ambaye peke yake huniuliza kama nalala vizuri.

Likizo inaanza Alhamisi. Jumamosi, siku ya Sabato, nitafika huko kwetu Ekerenyo, na nitaingia kanisani kabla ya kufika nyumbani. Wakati wa shuhuda nitasimama niseme bado naumwa, niwaombe waniombee. Wewe utachagua: kubaki umekaa kwenye benchi ukiangalia chini, au kuja kusimama karibu na mimi.

Mimi mtoto wako,
Moraa