Tumeziba Mlango wa Jikoni, Sasa Mama Mkwe Anapiga Kengele

Mpendwa Bi. Verna,

Nisaidie, maana kila asubuhi kengele ya nyumba yangu inalia na mimi natamani kujificha kabatini, na anayeipiga si mgeni wala mtu wa kuuza bima, ni mama mkwe wangu, mwanamke aliyelea watoto wake ndani ya nyumba hii hii na ambaye tangu nimfahamu hajawahi kubisha hodi hata siku moja.

Mimi na mume wangu Curt tunalima mahindi na soya na kufuga nguruwe huku kusini mwa Minnesota, na nyumba tunayokaa ni ya wazazi wake, baba mkwe Harlan alipofariki tukahamia sisi na mama mkwe, anaitwa Ardis, akachagua mwenyewe kukaa kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja, na kila siku alfajiri akawa anavuka na kuingia kwa mlango wa nyuma moja kwa moja jikoni, anaweka kahawa motoni, anafunua masufuria yangu ya jana, anahamisha chumvi anarudisha pale ilipokuwa zamani zake, na mimi natokea chumbani na gauni la kulalia na nywele zimesimama namkuta ameketi, ananiambia, "Umelala vizuri leo, nakuona umechelewa."

Sasa mwaka huu tulipata nafasi ya kulitengeneza jiko, na jamani Bi. Verna lilikuwa na hali mbaya, makabati ya kahawia yaliyokuwa yakifunguka yenyewe na sakafu imebanduka, nikataka ule mtindo wa kisasa wa nyumba ya shambani kama ninaouona magazetini, nikaupata wote, mbao nyeupe ukutani, vipini vyeusi, taa za bati kama za zizini, sinki kubwa jeupe lililotokeza mbele, stoo ya chakula yenye mlango wa ghala unaoteleza kwenye reli, na juu ya dirisha nikaweka herufi kubwa nyeusi zinazosomeka SHAMBANI, Curt akazitazama akavua kofia akasema, "Umefanya vizuri kuandika, asije mtu akaingia akadhani yuko Chicago." Nikamwambia afunge mdomo. Lakini ni zuri, naapa ni zuri, nikiingia asubuhi moyo wangu unacheka.

Kesi iko hapa. Ili lile sinki likae chini ya dirisha kubwa linalotazama shamba, mchoraji wa ramani alisema lazima mlango wa nyuma uzibwe, akaniuliza kama unatumika sana, nikamwambia si sana, basi ukazibwa na sasa mlango tulionao ni wa mbele peke yake, na wewe unajua kwetu mlango wa mbele ni pambo tu, anapita mchungaji na polisi, na huu wetu ulikuwa umevimba kwa kutofunguliwa tangu siku watu wa mazishi walipomtoa Harlan, ikabidi Curt aupige randa. Sasa Curt anavulia buti zake zenye mavi ya nguruwe kwenye baraza la mbele, magari yanapita barabarani yanampigia honi na yeye yuko na soksi, na jirani yetu Delmar alikuja kuazima jeki akaizunguka nyumba yote akitafuta pa kuingilia, mwishowe akagonga dirisha la sinki, tukaongea pale nami mikono imejaa povu kama muuza tiketi, akaniuliza, "Mmehama humu ndani au mnajificha?"

Hayo nayacheka, la mama mkwe silicheki. Siku ya kwanza ya jiko jipya nilisikia kengele, nafungua namkuta Ardis amevaa koti lake la kanisani, mkoba mkononi, lipstiki mdomoni.

"Habari za asubuhi. Sikukusudia kuwasumbua."

"Mama, ingia bwana, unasimama nje ya nini?"

"Nimeleta mayai tu. Kama mna shughuli nitayaacha hapa."

Nikamvuta ndani, akakaa pembeni kabisa ya kochi bila kuvua koti, nikamletea kahawa kwenye sinia, na nilipomwonyesha jiko alisimama pale linapoanzia, hakukanyaga ndani, akasema, "Ni tofauti, kwa kweli," na wewe Bi. Verna unajua kwetu huku mtu akisema ni tofauti afadhali angekutukana. Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo kila asubuhi, kengele, koti, mkoba, sikukusudia kuwasumbua, kahawa anakunywa nusu, anaaga, anaondoka.

Sasa Sikukuu ya Shukrani hiyo inakuja na miaka yote bata mzinga anamwoka yeye, na ile mikate myembamba ya viazi anaisukuma yeye, na juzi nikamwuliza atakuja saa ngapi, akafungua mkoba akafunga akasema, "Kanisani wanaandaa chakula kwa watu ambao hawana pa kwenda. Nimejiandikisha." Nilirudi jikoni nikalia juu ya sinki langu jipya. Nimemwambia Curt aongee na mama yake, anasema tumwache atazoea, Curt hata ghala likiungua atasema litazoea.

Sitakudanganya, wiki ile ya kwanza niliyokunywa kahawa peke yangu na gauni la kulalia kabla kengele haijalia ilikuwa tamu sana. Lakini sasa nyumba imenyamaza na mimi nimeshika tama. Je, nimwombe radhi kwa kosa la mchoraji? Au nimwache mpaka hasira ziishe?

Mwenye Jiko Jeupe

*

Mwenye Jiko Jeupe, mwanangu,

Kwanza hongera kwa jiko. Nimecheka hizo herufi za SHAMBANI mpaka paka wangu ameshuka mezani. Na mumeo nimempenda, ingawa yeye naye ana lake, nitamfikia.

Pili, mwache mchoraji wa watu. Maskini alikuuliza swali la maana kuliko maswali yote ya ujenzi: mlango huu unatumika sana? Nawe ukamjibu si sana. Si sana! Mlango anaoingia mama mkwe kila alfajiri, anaoingia Delmar na shida zake, anaoingia mumeo na buti zake, huo ndio si sana? Ala! Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili kuhakikisha ni wewe uliyeiandika. Umeipitisha haraka haraka katikati ya sinki na dirisha ukidhani mimi nimesinzia.

Ulijua, mwanangu. Labda hukukaa ukapanga, sikuiti mchawi. Lakini ulichoka kukutwa na nywele zimesimama, ulichoka na chumvi kuhamahama, na badala ya kumwambia mama wa watu, ukamlipa fundi akamwambie kwa matofali. Na yeye amesikia. Ardis si mjinga. Amelielewa neno lako vizuri kuliko ulivyolielewa wewe, na anakutii: umetaka abishe hodi, anabisha.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Mimi nami nilikuwa na mama mkwe aliyekuwa akinusa maziwa yangu kabla ya kuyamimina. Mwanamke ana haki ya kunywa kahawa ya kwanza bila kuulizwa mbona amechelewa. Ungesema tu. Tatizo letu huku tuna adabu nyingi mpaka inageuka ukatili. Tunaweza kubomoa ukuta mzima ili tusitamke sentensi moja.

Sasa tazama umemfanyia nini, na hili sidhani ulilijua. Umempa njia moja tu ya kuingia nyumbani kwake, na njia yenyewe ni mlango aliopitishwa mumewe akienda kuzikwa. Kila asubuhi anasimama pale. Ungekuwa wewe ungevaa nini? Mimi ningevaa koti la kanisani. Wewe unaona kisirani. Kisirani kipo, simtetei kwa yote, hilo la kujiandikisha na wasio na pa kwenda ni kisirani kitupu na amekifanya kwa ustadi mkubwa. Lakini chini ya kisirani kuna mama anayeuliza kama bado ana kwao.

Kwa hiyo kumsubiri azoee, hapana. Anaweza kuzoea kweli, na siku akizoea ndipo utakapolia. Mwambie Curt nimesema hivyo, na mwambie yule ni mama yake kabla hajawa mama mkwe wako, ainuke aende akakae naye jioni, bila kungoja kutumwa.

Mlango utarudi. Sinki lako sitaligusa, tulia. Hiyo stoo yenye mlango wa ghala, ukuta wake wa nje unatazama wapi? Kama unatazama uwanja, basi mwite fundi akate mlango pale, unga na makopo yasogee. Buti zitapata pa kuvuliwa, Delmar ataacha kukugongea dirisha, na huo mlango wa kuteleza utapata kazi ya kufanya zaidi ya kupigwa picha.

Lakini fundi atachukua muda, na wewe huna muda. Nakuuliza: nyumba ndogo ya Ardis nayo ina mlango wa nyuma. Barua yako ni ndefu, ina nguruwe, ina soksi za Curt, ina kila kitu, ila sijaona mahali popote ulipovuka uwanja wewe ukaenda kwake. Yeye amekuja kila siku. Wewe umekwenda lini?

Kesho asubuhi nenda. Usivae koti zuri, usichukue keki, usipige simu kwanza. Nenda na gauni lako la kulalia ndani ya jaketi la Curt na nywele zako zikiwa zimesimama vivyo hivyo. Zunguka nyuma, sukuma mlango, usibishe. Atashtuka, na wewe mwache ashtuke, maana ni zamu yake. Chukua kikombe mwenyewe, kaa, useme yote mawili kwa mdomo wako: "Mama, mlango niliuziba mimi, si mchoraji, na nimekosea. Na asubuhi naomba uje nikiwa nimeshavaa." Usiseme moja ukameza la pili. Ukisema la kwanza tu, mwakani utaziba dirisha.

Atanyamaza. Sisi tunanyamaza. Mimina kahawa nyingine.

Na kuhusu Sikukuu ya Shukrani, sikia vizuri: usimwalike. Ukimwalika tu umemthibitishia kwamba ni mgeni, atakushukuru kwa adabu na kwenda kula kanisani. Wewe muulize bata mzinga awe na uzito gani, na tanuri umwashie saa ngapi.

Bi. Verna