Balbu Ndani ya Soksi

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na kwamba ile miguu imepungua kuvimba. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa miaka sabini na mmoja anavyoweza kutokuwa na jambo. Nyumba nayo haijambo, ila haina maneno. Tangu tumzike mama yako na wewe urudi kazini, nazungumza na birika.

Nina ombi. Unakumbuka redio yangu ya mawasiliano ilipigwa na radi wiki ile ile ya msiba. Sasa ni miezi mitano sijaingia kwenye mduara wetu wa Jumapili, sisi wazee wa mitambo, kila mmoja kwake, tunaoitana hewani saa nne asubuhi. Unajua wanavyoniita: Saa Nne Kamili, kwa kuwa miaka kumi na tisa sikuchelewa hata mara moja. Sasa nimechelewa miezi mitano. Nawahitaji watu wale, mwanangu. Sikufichi, siku nyingine sauti yangu mwenyewe inanishtua.

Gazetini nimeona tangazo la redio iliyotumika, mjini kwenu huko, kwenye duka la vifaa vikuukuu nyuma ya stesheni ya mizigo. Aina hiyo naijua. Nenda kaiangalie kwa ajili yangu. Usiende kama mnunuzi, nenda kama mama mkwe aliyekuja kukagua jiko.

Muuzaji atakwambia ilikuwa ya mzee mmoja mpole aliyeitumia Jumapili tu. Redio zote zinazouzwa zilikuwa za mzee huyo. Mwache aseme, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimekwaruzwa, kuna mtu ameshaingia ndani bila kujua anatafuta nini. Nusa matundu ya nyuma, maana kilichoungua hakiachi kunuka upesi. Ukikuta imeshapata moto kabla hujafika, mwambie aizime, ipoe, aiwashe mbele yako.

Na hili ndilo kubwa: usidanganywe na masikio. Redio hii ina kazi mbili, kusikia na kusema. Kusikia hata mbovu husikia. Kinachoungua ni upande wa kusema. Ndiyo maana nimekutumia balbu hiyo ndani ya soksi ya mama yako, nimeilehemu waya tayari. Ichomeke kwenye tundu la antena, bonyeza kitufe cha kipaza sauti, piga mluzi. Balbu ikiwaka, redio inasema. Isipowaka, shukuru uondoke, hata akikupa bure.

Ule vizuri. Usilale na viatu.

Wako,
Baba

*

14 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, nashukuru. Natumaini nawe u mzima na kifua hakisumbui. Barua na soksi vilifika salama, ingawa karani wa posta aliibonyeza bonyeza ile soksi kama anayechagua parachichi.

Nilikwenda Jumamosi, nikitoka zamu. Siku hizi huko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tumebaki wanne, tulikuwa saba, na mashuka hayajapungua. Nilipotoka nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Nakwambia haya ili ujue nilifika pale nikiwa mtu nusu.

Duka lenyewe ni chumba kirefu chenye feni zisizo na mapanga. Muuzaji ana sweta na maneno mengi. Hata sijasema nimekuja kutafuta nini, akaanza: "Hii, dada yangu, ilikuwa ya mzee mmoja mstaarabu." Nikamalizia mimi: "Aliyeitumia Jumapili tu." Akashangaa, akaniuliza kama nilimjua marehemu!

Nilifanya ulivyosema. Skrubu tatu safi, moja imekwaruzwa kidogo. Akasema hiyo ni ya vumbi, alifungua kusafisha. Nikanusa, nikasikia vumbi tu. Ilikuwa baridi, akaiwasha nikiona. Baba, watu walijaa mle chumbani! Mmoja alikuwa anaeleza habari za mvua kwao, mwingine anacheka, mwingine anahesabu moja, mbili, tatu. Nilikaa juu ya kreti nikasikiliza, nikakukumbuka ukiwa umeinama pale mezani na mama akikwambia chakula kinapoa.

Nilichomeka balbu pia. Iliwaka.

Nimeinunua. Nimeifunga kwa mashuka mawili yaliyochakaa, yametolewa kihalali, na basi la Jumanne litaileta.

Ni mimi mwanao,
Binti yako

*

9 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo. Mzigo umefika bila mkwaruzo, kondakta aliubeba kama mtoto mchanga. Umefunga vizuri kuliko fundi.

Nimeiweka palepale mezani. Inasikia vizuri mno, mwanangu. Jumapili niliwasikia wote, Koplo, Mwalimu wa Hesabu, hata Kikohozi na kikohozi chake, kama wamekaa kwenye mkeka hapa. Umehangaika kwa ajili yangu na nimeona. Sasa pumzika.

Mashuka nimeyatandika.

Wako,
Baba

*

2 Mei

Baba, shikamoo.

Hali yangu ni ileile. Mwenzetu wa nne ameacha kazi, tumebaki watatu. Naandika nikiwa nimesimama, nikikaa nitalala.

Niambie basi, walisemaje walipokusikia? Koplo alilia? Yule alilia hewani hata kwa ajili ya harusi yangu ambayo haikufanyika. Niandikie yote, nahitaji kucheka.

Binti yako

*

24 Mei

Baba, shikamoo.

Hujajibu. U mzima? Jirani wa ng'ambo ya barabara nimemwandikia pia, amesema anakuona ukianua nguo. Kama umechoka kuandika, chora hata kuku nijue upo.

Binti yako

*

20 Juni

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Nisamehe kwa kimya. Si ugonjwa. Nilikuwa najaribu kuandika barua isiyo na uongo na isiyokuumiza, nimeshindwa, kwa hiyo pokea hii.

Redio haisemi.

Nililijua siku ileile ilipofika. Nilifungua kifuniko, nikakuta vile vipande viwili vinavyotoa nguvu ya kusema vimekuwa vyeusi kama mkaa, na vimepakwa rangi juu ili visionekane. Ile skrubu moja haikuwa ya vumbi. Vipande vyenyewe havitengenezwi tena, nimeuliza kila mahali. Ningekwambia mapema, lakini ulikuwa umeandika "nikiwa mtu nusu", nikasema, nimwongezee nini mtoto huyu?

Lakini kuna jambo lingine, na hili sijui nilicheke au nililie. Ile Jumapili ya kwanza nilivaa shati lenye kola. Nilijua kuwa haisemi, lakini nilijiambia labda. Saa nne kamili Koplo akafungua mduara, akaanza kuita mmoja mmoja. Alipofika zamu yangu hakuniita. Alisema, "Jamani, tumkumbuke marehemu Saa Nne Kamili. Tunyamaze kidogo."

Wakanyamaza. Nikabonyeza kitufe nikasema, "Jamani, nipo!" Nikabonyeza tena. Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Walipomaliza kunyamaza wakaendelea na habari za hali ya hewa.

Ni hivi: mtu alisikia kuna msiba kwangu, na kwa kuwa mimi nilipotea hewani wiki ileile, wakajumlisha. Wamekuwa wakinikumbuka tangu wakati huo. Mwalimu wa Hesabu alisema nilikuwa mtu mkarimu asiye na makuu. Huyo hakuwahi kunisifu nikiwa hai, na ana bisibisi yangu mwaka wa sita huu.

Utasema niwaandikie. Nimeianza barua kwa Koplo mara nne. Mtu anaandikaje "sijafa"? Nikiiandika naona kama nabishana. Na wakati mwingine, mwanangu, nikikaa hapa jioni, sina uhakika kwamba wamekosea sana. Wanazungumza, nasikia, hakuna anayejua nipo. Wafu nadhani ndivyo wanavyokaa.

Sikulaumu. Nakuuliza jambo moja tu, nawe unijibu ukiwa umekaa. Ile balbu haikuwaka, sivyo?

Wako,
Baba

*

1 Julai

Baba, shikamoo.

Naandika nikiwa nimekaa.

Balbu sikuitoa hata kwenye soksi. Nilipoitaja, yule bwana alicheka, akasema balbu itaunguza redio, na akaanza kushusha mlango wa duka. Nilijua anadanganya. Ulishaniambia atadanganya. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya kreti, Baba, mara ya kwanza siku hiyo nimekaa, na watu wale walikuwa wanazungumza vizuri sana, na nilitaka jambo moja tu maishani mwangu liishe siku ileile lilipoanza. Kisha nikakuandikia iliwaka. Nimelala na neno hilo tangu Machi. Nisamehe.

Nilirudi kwake na barua yako. Alinisikiliza, akasema, "Dada, nilikuonyesha inasikia. Uliniuliza kama inasema?" Na kweli sikumuuliza.

Sasa nisikilize. Hapa hospitali yuko fundi wa boila, mzee mkimya, miaka yote nampita mlangoni. Juu ya paa la nyumba yake kuna waya nilidhani ni wa kuanikia nguo. Juzi nilimuuliza. Baba, ni mwenzenu! Ana leseni, ana redio nzima. Huo mduara wenu anaujua, huwa anapita akisikiliza, ila ana haya ya kuingia. Nilipomweleza habari zako akasema, "Mtu hawezi kuachwa amekufa hivyo."

Jumapili ya tarehe 20, saa nne kamili, atanifungulia redio yake nami nitazungumza. Washa redio yako. Kama kusikia ndiyo kazi iliyobaki, basi ifanye kazi hiyo. Na ukinisikia, nitumie kadi ya uthibitisho, kama zile mnazotumiana kuthibitisha kwamba mmesikiana, zile mama alizokuwa akizipanga ukutani. Najua kadi zenu haziandikwi uongo. Usinipendelee.

Jana nilikwenda kwake na soksi. Nilimwambia, kwanza tuchomeke balbu. Hakucheka. Nilijaribu kupiga mluzi, midomo ikawa mikavu, nikaimba tu. Iliwaka, Baba. Safari hii niliiona kwa macho yangu.

Binti yako

*

KADI YA UTHIBITISHO

Siku: Jumapili, 20 Julai.
Saa: Nne kamili asubuhi. (Hukuchelewa.)
Aliyesikika: Binti yangu.
Usafi wa sauti: Neno kwa neno, isipokuwa pale ulipomtaja mama yako.
Nguvu: Tatu kati ya tano. Ungekuwa mtu baki ningeandika hivyohivyo.
Maoni: Msemaji amechoka. Alale.

Mwanangu,

Nafasi kwenye kadi ni ndogo, kwa hiyo naandika kwa herufi za mchwa.

Uliposema, "Mimi ni binti wa Saa Nne Kamili, na Baba yu hai, anawasikia sasa hivi, ila hawezi kujibu," kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko kile walichonipa nikiwa marehemu. Kisha Koplo akaanza kulia na kunitukana kwa pamoja, kwamba nimemmalizia machozi bure. Mwalimu wa Hesabu amekiri habari za bisibisi mbele ya watu wote. Na baada yako Koplo aliita zamu kwa zamu, akafika kwangu, akaniita. Aliacha nafasi ya mtu kujibu, kama zamani, ndipo akaendelea. Umemsikia akisema watafanya hivyo kila Jumapili.

Kwa desturi yetu, aliyesikia anaandika pia redio aliyotumia. Yangu ni hii uliyoninunulia. Naandika hapa bila kumpendelea mtu: inasikia vizuri.

Kila ulipomaliza sentensi nilibonyeza kitufe nikakujibu. Najua haikutoka. Nilikujibu zote.

Wako,
Baba