Mume Wangu Anapanda Vilima na Jirani

Mpendwa Shangazi Huguette,

Nakuomba unisaidie kabla ya sikukuu ya Kupaa, maana nikikosa neno la busara kutoka kwako nitasema neno la kipumbavu mwenyewe, na likishatoka halirudi. Mimi na mume wangu Régis tunaishi hapa kwenye vilima vya Morvan, watoto wamekwenda zao, tumebaki sisi wawili na baiskeli zetu za njia za changarawe, na kila Jumapili tunaingia msituni ambako hakuna gari wala honi, tunapanda kilima, tunashuka, tunapanda kingine, tunakutana na ng'ombe weupe na pengine mkata miti mmoja, basi. Wengine wana kanisa, sisi tuna hizo njia. Halafu akaja Bérengère.

Bérengère ametoka mjini Lyon, ni mjane, amenunua nyumba ya kinu cha zamani cha kusagia nafaka karibu na kwetu, anacheka kwa sauti na ana soksi ndefu za rangi ya haradali ambazo sitaki kuzizungumzia. Alikuja kuomba pampu ya baiskeli. Nikampa mimi, Shangazi, kwa mkono wangu huu, na Régis akamwambia, "Jumapili njoo, tutakuonyesha njia," akaja, na tangu hapo hajakosa hata mara moja. Kupanda hajui: kilima kikianza tu anabadili gia zote kwa mpigo mpaka cheni inalia, anashuka, anasukuma, anasimama kutazama maua, na mume wangu anashuka na kusimama naye, anayatazama maua hayo hayo ambayo ameyapita maisha yake yote bila kuyageuzia shingo!

Mimi si mtu wa kusimama. Tangu nistaafu miguu yangu imepata nguvu ambazo sikuwa nazo nikiwa msichana, hakuna kilima cha huku kinachonishusha, ila Régis goti linamsumbua na pumzi si ile ya zamani. Hata hivyo sijawahi kumwacha, naomba uliandike hilo, kila kileleni namsubiri hata upepo ukivuma, nikimwona anatokea kwenye kona namwita, "Haya babu, twende!" na tunaendelea, kwa sababu nikikaa zaidi miguu inapoa. Sasa nasubiri huko juu peke yangu, nawasikia wanacheka chini, na nikiuliza wanacheka nini naambiwa, "Ah, si kitu."

Jumapili iliyopita nilisubiri nikachoka, nikageuza nikarudi chini, nikawakuta kwenye lile birika la mawe walilokuwa wakifulia bibi zetu, wamekaa ukingoni, miguu imetumbukizwa majini mpaka magotini, wote wawili, wanakula soseji kavu, na anayekata ni Bérengère. Kwa kisu cha Régis! Wewe ni wa huku, unajua maana yake. Kisu kile alipewa na babu yake, kinakaa mfukoni mwake, ni yeye anayekata na kukugawia, na mimi katika ndoa yangu yote sijakishika isipokuwa kukitoa kwenye suruali kabla ya kufua.

Nikasema, "Naona kisu kimepata mwenyewe mpya."

Bérengère akacheka, "Shoga yangu, acha hizo, njoo ukae! Nimekukatia na wewe."

Amenikatia! Mimi, soseji ya nyumbani kwangu!

Régis akasema, "Kaa kidogo, Gigi. Maji mazuri."

"Mvua inakuja," nikamjibu, na hakukuwa na wingu hata moja, nikapanda baiskeli nikaondoka, na hakuna aliyenifuata.

Jioni yake akaniambia amemwalika Bérengère kwenye safari yetu ya Kupaa. Shangazi, safari hiyo ni ya siku tatu, tunavuka vilima na kulala vijijini, na tangu tuoane tumekuwa wawili tu. Nikamuuliza, "Kwa nini asiende na klabu?" Akasema, "Kwa sababu mwendo wake ni wangu." Nikamuuliza, "Na mimi?" Akatazama sahani yake, akasema, "Wewe nenda tu, Gigi. Usinisubiri."

Mwanamume anamwambia mkewe asimsubiri! Nililia bafuni huku nimefungua maji asisikie. Wivu umenila mpaka nimefikiria kuichora upya njia kwenye kile kidude cha ramani kilichofungwa kwenye baiskeli yake ili wawili hao waingie kwenye tope la bondeni na soksi zao, na kilichonizuia si wema, ni kwamba sijui kukitumia. Dada yangu anasema nipuuze. Dada yangu hajamwona.

Jumapili mama yake Régis anakuja kula kwetu, na nimekusudia nikishapakua nyama niseme mbele ya wote: mimi au yeye, chagua. Au nibaki nyumbani siku ya safari, niwaache waende, nione atarudi na uso gani? Nampenda, Shangazi, hilo ndilo linaloniua. Niambie nifanye nini.

Ghislaine, Morvan


Ghislaine mwanangu,

Kuhusu kisu nakupa haki yako yote. Mimi ningenuna mpaka Krismasi. Kisu cha babu hakiazimwi, Régis analijua hilo kama anavyojua jina lake, na umwambie leo, kwa maneno machache, bila kutaja soksi za mtu.

Sasa kaa nikugombeze. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa upande wa Régis. Unataka niandike kwamba hujawahi kumwacha. Naandika: unamsubiri kila kileleni. Unapumzika, unakunywa maji, jasho linakauka, kisha mumeo anatokea kwenye kona anahema, goti linamwaka moto, na wewe unamwita babu na kuondoka. Yeye apumzike saa ngapi? Wapanda baiskeli wa huku wote wana ugonjwa huu, mwenye nguvu hupumzika kila kilima na aliyechoka hapumziki hata kimoja, halafu wanashangaa baiskeli ya mwenzao inapotundikwa ghalani. Klabu ya kijijini kwangu imepoteza nusu ya watu wake namna hiyo. Kumbe na ndoa hupotea hivyo.

Na ile "usinisubiri" uliisikia vibaya. Mwanamume wa Morvan hawezi kukwambia, "Naumwa," na kukwambia, "Naona haya mke wangu akinitazama nikisukuma baiskeli," ndiyo hawezi kabisa. Atakwambia nenda tu. Ukaenda. Akatokea mtu anayeshuka kwenye baiskeli kabla yake, na mbele ya mtu huyo Régis si babu, ni mwalimu.

Je, kuna zaidi ya hapo? Sijui, na anayekuapia kwamba anajua anakudanganya. Watu wenye kuiba hawakai mchana kweupe kwenye birika la kijiji na kumkatia mwenye mume kipande chake. Lakini mapenzi mengine yalianza kwa soseji, nimeyaona kwa macho yangu. Kwa hiyo wivu wako una sababu. Lisilo na sababu ni hilo wazo la nyama na mama mkwe. Ukimwambia mwanamume achague mbele ya mama yake, atamchagua mama yake, na utabaki kuosha vyombo vya watu watatu walionuna. Kubaki nyumbani nako futa. Unamwachia mwenzio njia, kisha unalalamika kwamba amepita?

Fanya hivi. Mshike Régis mkiwa wawili, umwambie, "Safari ya Kupaa naitaka iwe yetu, na nitakwenda kwa mwendo wako." Usitoe sharti, sema unachokitaka, maana katika barua nzima umeniambia mimi kwamba unampenda na yeye hujamwambia. Bérengère mwambie wewe mwenyewe, mlangoni kwake, kwa adabu: wiki hiyo hapana, Jumapili inayofuata karibu. Akiwa mwanamke mwema ataelewa hata kabla hujamaliza. Akikasirika, na hilo utakuwa umelijua.

Njiani Régis atangulie, wewe kaa nyuma. Utaweka gia ndogo, utayumba, utachukia, na miguu yako itapoa. Ipoe. Akishuka, nawe ushuke. Juu akikaa, nawe ukae, na neno la kuondoka atoe yeye. Mkishakaa ndipo umuulize kwanza, "Unaumwa wapi?" na baada ya hilo, si kabla, umuulize yote unayotaka kuhusu jirani yenu. Akikwambia kwamba bila Bérengère hasafiri, basi jibu umelipata bila kupiga kelele, funga mizigo uende kwa dada yako, na sitakulaumu.

Lakini nadhani hatasema hivyo. Nadhani atakuonyesha lile goti. Litazame vizuri, Ghislaine. Watu hawatumbukizi miguu kwenye maji baridi ya chemchemi mwezi huu kwa raha. Goti lililovimba ndilo linalopozwa hivyo, na jirani yako ameshaliona.

Shangazi Huguette