Imeshindikana

Mwanza, 9 Juni 2024

Dada Kemigisha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Igurwa, na mafua ya watoto yamepungua. Sisi hatujambo. Mmeanza kuchuma kahawa?

Mhariri ameniagiza makala kuhusu falsafa na maisha ya kila siku. Nimesoma wiki tatu. Wazee wa Ugiriki na Roma wanasema tutenganishe yaliyo mikononi mwetu na yasiyokuwemo, kisha haya ya pili tusiyalilie. Baba angeuliza kama hao watu walikuwa na migomba ya kupalilia. Wale wa Ulaya wa karne iliyopita ni wakali zaidi: binadamu hana pa kujificha, hata akinyamaza amechagua. Hao nimeshindwa kuwaandika.

Hapa kazini nasahihisha habari za vijana. Kila nikikuta neno "imeshindikana" nalifuta, nauliza nani alishindwa. Wamenibandika jina, Mzee Nani.

Siku ile ya Machi ulikuwa ukitusubiri turudi kutoka hospitali; umetandaza nyasi mpya sakafuni chumbani kwa Baba, kitanda umekisogeza dirishani ili aone kibanja chake cha migomba. Nilikupigia simu kutoka wodini nikasema imeshindikana. Hukuuliza nani. Ulidhani hospitali imekataa, nami nikakuacha udhani hivyo. Kesho yake Baba alifariki akiwa ameelekea ukutani.

Sasa mwanao Vero ananiambia hamsalimiani na jirani yetu Nikuze, kwa kuwa ndiye muuguzi aliyekuwa zamuni siku ile. Anasema Nikuze alikunyooshea mkono kanisani, ukamwambia akamrudishe kwanza baba yako.

Dada, Nikuze hakukataa. Daktari alituachia sisi uamuzi. Nikuze aliniita kaka, akasema nimpeleke mzee nyumbani, sindano za maumivu angekuja kumchoma mwenyewe kila akitoka kazini. Akatania kwamba malipo yake yangekuwa ndizi, tena zisiwe zile ndogo. Gari lilikuwa nje. Baba alinishika kiganja akasema kwa Kinyambo, tugende, twende. Nikamjibu kesho. Niliogopa asije akafia mapajani mwangu njiani. Hakuna sababu nyingine.

Nilishindwa mimi.

Nisalimie Vero na wadogo zake. Ila kabla hujafikisha salamu zangu kwa mtu yeyote, vuka barabara ukamsalimie Nikuze. Uanze wewe kunyoosha mkono, kisha umpe barua hii aisome.

Mdogo wako,
Eliud